Kazi Kuu ya Sanduku

Afisa Fartun wa forodha alifika Zombe Alhamisi, akina mama wa kanisa wakiwa katikati ya kuliombea sanduku lao jipya. Kaveke alipomwona mlangoni, aliingiwa na hofu. Yeye ndiye wakala aliyelitoa sanduku lile bandarini, na alilitoa kwa ujanja. Akigundulika, leseni imekwenda.

Lilikuwa sanduku la sola lenye spika kubwa, maikrofoni, na ubavuni kitaa cha kutafutia kiatu uvunguni. Kifaa chenye kazi nyingi hutozwa ushuru kwa kazi yake kuu, na hata kuku wa Zombe wangekwambia kazi kuu ya sanduku lile. Lakini ushuru wa taa ulikuwa mwepesi, basi bwana Kaveke akaandika kwenye fomu kuwa ni taa, kisha akaja kanisani kupigiwa makofi. Asubuhi hiyo, alipopata fununu ya ukaguzi, alimnong'oneza mama yake, Kalondu, mwenyekiti wa kikundi: wakiuliza, sema ni taa.

Pasta, ambaye hakujua lolote, alimsimamisha mgeni asalimie watu, kama ilivyo desturi. Fartun akasalimia kwa adabu.

"Sitakaa. Niko na swali moja tu kwa mwenyekiti. Mama, hii machine kazi yake hasa ni gani?"

Pasta akamkabidhi Kalondu maikrofoni, maana siku hiyo hakuna aliyesema neno bila maikrofoni.

Kalondu ndiye aliyewafunza watoto wa Sunday school amri kumi, Kaveke akiwa mmoja wao, tena kwa kiboko. Alimtazama mwanawe, kisha akaisogeza maikrofoni mdomoni.

"Hii ni taa," akasema. "Ni ya kutumulikia tu."

Spika ikayachukua maneno hayo, ikayafikisha sokoni waziwazi. Huko nje wachuuzi wa mbuzi wakaangua kicheko. Ndani akina mama waliinamisha vichwa, wakimwonea aibu mwenyekiti wao. Kaveke aliona haya hadi masikio yakawaka moto. Hakuikumbuka tena leseni. Akaenda mbele.

"Mwaitu, nipe," akasema, akinyoosha mkono kwa mama yake. "Afisa, ni spika. Mimi ndio niliandika uongo. Mama nilimtuma."

Kalondu hakumpa. Aliishika maikrofoni kwa mikono miwili, akaanza kuwaomba wenzake msamaha kwa uongo aliousema, na soko zima likamsikia.