Risasi ya Jiwe la Kilo

Kigari kilipinduka tena, magurudumu yakazunguka hewani.

"Mbele kwepesi," Anselmi alisema. Yeye na Halidi walikuwa wamechuchumaa kwenye kifusi nyuma ya nyumba ya kina Halidi, Kibaha. Anselmi ndiye aliyempa rafiki yake kigari kile cha rimoti cha kupandia mawe, baada ya kupata kingine. "Umebadilisha matairi, umeweka mota kali, bado bure. Tia uzito kwenye magurudumu ya mbele, mwanangu. Tafuta risasi, madini yale ya kwenye betri za magari."

"Nitaipata wapi?"

"Wewe si ndiye msomi?"

Aliipata Kisarawe, dukani kwa shangazi yake, Bi Mwamini. Shangazi alikuwa amenunua mizani ya kisasa, inayoonyesha namba, na ile ya zamani ilikaa juu ya kabati pamoja na mawe yake. Chini ya jiwe la kilo palikuwa na tundu lililojazwa risasi ili uzito utimie sawasawa. Halidi alilijua hilo. Alijiambia kwamba jiwe limeshastaafu. Shangazi alipokwenda kuswali adhuhuri, akalichokoa kwa bisibisi. Hakuomba. Aombe vipi kitu kisicho na kazi?

Aliporudi Kibaha aliigonga risasi ikawa utepe, akauzungusha ndani ya rimu za mbele. Kigari kikapanda kifusi chote, polepole, kikishika tofali baada ya tofali kama kinyonga. Alifurahi mno. Ijumaa iliyofuata akakitia begini, akaenda kumwonyesha shangazi.

Alimkuta na jirani yake, Bi Anifa, aliyeshika mfuko wa maharage. Mizani ya zamani ilikuwa mezani.

"Shikamooni."

"Marahaba. Ile mpya imekufa tangu Jumatatu," shangazi alimjibu kwa mkato, kisha akamgeukia jirani. "Haya, sema."

"Sikutukani, Mwamini. Nimepima tena dukani kwa Mfaume. Haijafika kilo."

"Mfaume huyo anayepima na kidole chake?"

"Na sukari je? Watu wanasema."

Katika miaka yote ya duka lile, hakuna mteja aliyewahi kwenda kupima tena alichonunua kwake. Shangazi akainua jiwe. "Hili nimeachiwa na marehemu mume wangu. Mimi nitakuapia, Anifa. Walla..."

"Shangazi, usiape."

Wote wakamtazama.

"Nimelichokoa mimi. Risasi yake nimeitia kwenye kigari."

Shangazi aligeuza jiwe, akaingiza kidole kwenye tundu. "Ningeapa uongo kwa jina la Mungu," alisema taratibu.

"Naitoa sasa hivi, shangazi. Nitairudisha."

"Na nani atajua kwamba imetimia?" Akaliweka jiwe sakafuni. "Walionunua wiki hii siwakumbuki wote. Chukua sukari na maharage, upite nyumba kwa nyumba. Atakayesema alinunua, mwongezee, umwombe radhi. Usimbishie mtu."

"Mwamini, ni mtoto tu," alisema Bi Anifa.

"Ana digrii huyo."

Mama wa nyumba ya kwanza alipokea sukari akiwa kizingitini. "Kumbe na Mwamini naye anapunja?"

"Si yeye, mama. Ni mimi, niliharibu jiwe lake. Naomba radhi."

Mama alimtazama kwa huruma. "Amekutuma useme hivyo?"

"Hapana."

"Haya, baba. Nimesamehe. Mwambie nimesamehe." Halidi akarudia kwamba ni yeye, lakini mama alikuwa ameshaingia ndani.