Pindo la Sweta la Agatha

Katika shule ya bweni niliyosoma, kule Ufipa kwenye baridi, tulifundishwa kwamba kitu hakichakai, bali huchakazwa. Kila Jumamosi kiranja alikagua kola, vifungo na soksi. Nilipokuwa kiranja mimi, nilikagua kwa ukali zaidi, wala sijaona hadi leo sababu ya kuyajutia malezi hayo.

Nilistaafu kazi ya ufugaji nyuki nikiwa na baiskeli ileile, saa ileile, na sweta la kijani ambalo mke wangu, Agatha, alinifumia kwa mkono mwaka tulipofunga ndoa, 1994. Wenzangu walionunua masweta ya dukani waliyatupa baada ya misimu miwili. Langu lilitimiza miaka thelathini. Walipouliza siri yake, niliwajibu kwa neno moja: nidhamu.

Agatha alifariki mwaka juzi. Juni hii, nikiwa peke yangu mezani, nyumbani Nsemulwa, nilihisi ubaridi wa mbao kwenye ngozi. Kiwiko cha kulia cha sweta kilikuwa kimetoboka. Nguo zake ndugu waligawana siku ya kumaliza matanga, na vitambaa alivyofuma vya makochi walivichukua mabinti zetu. Humo ndani hamkuwa tena na kitu kingine kilichotoka mikononi mwake.

Nililipeleka sweta sokoni Kashaulili kwa Athanasie, mama mwenye asili ya Burundi anayefuma kofia za watoto wachanga.

“Nataka tundu hili lizibwe,” nilimwambia. “Lakini palipofumwa na marehemu mke wangu pasifumuliwe hata uzi mmoja.”

“Sasa nizibe na nini, mzee? Na mate?”

Sikucheka. Aligeuza sweta nje ndani, akaliinamia.

“Fundi wako wa zamani yuko wapi?”

“Sina fundi. Sweta hili halijaguswa na fundi kwa miaka thelathini.”

“Mzee, usinichekeshe. Hiki kiwiko kimefumwa upya mara nne.”

Alikishika kidole changu, kama anavyoshikwa mtoto wa darasa la kwanza, akakipitisha juu ya vifundo vidogo vilivyofichwa upande wa ndani. Nilivihesabu. Kisha akalitandaza sweta mapajani, akachunguza sehemu ya chini.

“Na uzi ni uleule, rangi haijapishana. Ameutoa hapa. Alianza kufuma mabegani akamalizia chini, kwa hiyo pindo linafumuka bila shida. Kiwiko kikianza kulika, kabla hakijatoboka, anafumua mistari michache ya chini, anakifuma, halafu anafunga pindo upya. Hukuona linakuwa fupi?”

Niliona. Kila mwaka, kwenye joto la kabla ya mvua, nilikwenda Ugalla kusimamia urinaji wa asali, na sweta nililiacha sandukuni. Mwaka 2005 niliporudi na kulivaa, halikufunika tena mkanda. Nilimwambia Agatha, mbele ya dada yake Juliana, kwamba anafua sufu kwa maji ya moto kama kitambaa cha kuepulia sufuria, na kwamba mtu asiyelelewa bwenini hajui kutunza nguo. Alijibu, “Samahani, baba Mercy.” Tangu siku hiyo nilimkataza kuligusa. Nililifua mwenyewe, kwa maji baridi, nikalianika juu ya mkeka. Miaka ilipopita likazidi kupungua, nikailaumu sabuni.

“Kwa nini hakuniambia?” nilimwuliza Athanasie.

“Mimi nilimjua? Labda ulikuwa unalisifia sana. Mtu akisifia hivyo, unamwacha asifie.”

Hakusema kwa ukali. Aliinama, akatoa kikapuni donge la uzi wa kijani kibichi, akaliweka karibu na kiwiko.

“Nikitumia huu, urefu unabaki. Ila kiraka kitaonekana toka barabarani. Nikitoa pindoni, hakitaonekana, lakini litaishia juu ya mkanda. Watasema yule mzee wa Nsemulwa ameanza uhuni, anavaa kama vijana wa Bongo Fleva.”

Niliutazama uzi mpya. Ulikuwa mzuri, imara, na bei yake haikunishinda.

“Fumua pindo,” nilisema.

“Umesema hata uzi mmoja usiguswe.”

“Nilisema bila kujua. Fumua.”

“Huna haraka?”

“Hakuna anayenisubiri.”

Alikata fundo la mwisho kwa wembe, akavuta. Uzi ulitoka ukiwa umejikunja, mstari baada ya mstari, bila ubishi wowote. Aliniwekea ncha yake mkononi, akaniagiza niuvute na kuuzungusha kwenye vidole ili usijisokote. Niliuzungusha. Mbele yetu watu walipita na mafurushi ya mitumba, na hakuna aliyetusalimu.

“Nilimwambia mbele ya dada yake,” nilisema.

“Ulimwambia nini?”

Nilimweleza yote: sufuria, bweni, mkeka, sabuni. Nilimweleza mwanamke ambaye hakuwahi kumwona Agatha, kwa kuwa sikuwa na mwingine wa kumweleza. Alinisikiliza hadi mwisho huku sindano zake zikiwa kimya mapajani.

“Vuta polepole, mzee,” alisema. “Utaukata.”