Maiti Aliyeitikia Sala

Jirani yangu Tokuji ameuawa kwenye filamu za samurai tangu ujana wake, lakini kila mara huangukia uso. Siku hiyo, hapa Kyoto, alipewa nafasi ya kuwa maiti wa kulala chali, uso uonekane. Mimi niliwekwa niwe mjane wake, kazi niliyoizoea tangu mume wangu afariki.

Kamera ilipowashwa nikaanza sala ya wafu, ile tunayoisoma hekaluni. Tokuji naye akaitikia, viganja vimeshikana kifuani.

"Simamisha! Mzee, maiti hasali!" mwongozaji akafoka.

"Nisamehe, bosi. Mdomo umezoea."

"Ukirudia, nakufunika uso."

Tokuji akaninong'oneza, "Dada Shizue, omba kimoyomoyo. Mke wangu ameshaalika ukoo mzima waje kuniona kwenye filamu."

Nikaomba kimoyomoyo. Kimya kilipozidi, akafumbua jicho moja.

"Dada, umesahau maneno?"

Akafunikwa uso kwa kitambaa cheupe, nami nikarudia kusoma kwa sauti.

Filamu ilipoonyeshwa, ukoo ulijaza viti vya mbele.

"Yuko wapi sasa?" shemeji yake akauliza.

"Huyo hapo!" mkewe akajibu kwa fahari. "Huoni kitambaa kinavyocheza mdomoni?"