Kuku wa Jemimah

Nyakoe nzima hakukuwa na mke aliyemjua mumewe kama Jemimah alivyomjua Angwenyi: anavyokoroma, anavyonuna, hata jino litakalomuuma kabla halijamuuma. Kitu kimoja tu kilimpita, nacho ni mahali mtu huyo alipolala miaka miwili mizima. Angwenyi alisema Kericho, kwenye chai ya Wazungu, na Jemimah akaipeleka Kericho hiyo sokoni na kanisani kama alivyoipokea.

Leo Machogu alikuwa ameketi sebuleni kwao. Alikuwa esigani, mshenga aliyetumwa na watu wa Mosocho kuchungulia kama ukoo huu una mchawi au mwizi, kabla ng'ombe hawajatolewa kwa ajili ya Nyanchera. Neno lake moja baya, na binti angezeekea jikoni kwa mama yake. Zamani mzee huyo alivaa sare ya serikali. Sare gani, hakuna aliyeuliza.

"Baba Nyanchera hatembei usiku?" Machogu aliuliza, akimega ugali.

Jemimah akacheka. "Huyu? Huyu ni kuku, mzee. Jua likizama, yuko ndani."

Sahani ya Angwenyi ikaanguka. Akamshika mkewe ukosi wa gauni. "Rudia. Nani kuku?"

"Baba Nyanchera, mimi nimekusifu."

"Nitakuua."

Jemimah alilitafuta kosa lake asilione. Kuku ni kuku. Hata mtoto huitwa hivyo akikimbia mvua. Akifungua mdomo ataharibu, akiufunga ataharibu. Mlangoni Nyanchera alikuwa amesimama na birika la maji ya kunawa, linamwagika naye hana habari.

Machogu hakuinuka. "Mwache mama wa watu, hajui. Kule, kuku ni mwanamume anayepandwa na wenzake. Kwa neno hilo nimeona watu wakichomana kwa vijiko vilivyonolewa."

"Kule wapi, mzee?" Jemimah akauliza.

"Mwulize mwenyewe."

"Kericho," Angwenyi alisema, akimwachia. "Mimi nilikuwa Kericho. Mungu anaona."

"Vizuri." Machogu akanawa, akajifuta kidole kwa kidole, kisha akasema polepole, kama anayeomba chumvi: "Hesabu."

Magoti ya Angwenyi yakakunjika kabla mwenyewe hajajua. Akawa amechuchumaa sakafuni, mikono kichwani, kama wafungwa wanapohesabiwa, na mdomo wake bado unasema Kericho.