Majuma Mawili ya Kuuliza

Mwezi wa kwanza wa 1998, serikali ikiwa imefunga ziwa ili samaki wazaane, Kashikishi, mji wa wavuvi, ilijaa watu wasio na kazi, na biro, yaani ofisi, ya Mama Clotilde ikajaa kuliko soko. Lilikuwa shirika dogo la kushauri watu wajifunze kazi gani: chumba kimoja, benchi moja, yeye na mkubwa wake Evariste, wote watu wa Pweto, ng'ambo ya ziwa, na Kiswahili chao cha huko.

Clotilde alipenda kushauri. Mtu anaketi, anamwaga shida zake, anaondoka na neno. Evariste ndiye aliyemkera.

"Mwaka jana tulituma banamuke makumi mbili kwa kushona," Evariste akasema. "Leo beko wapi? Tunajua kama banakula?"

"Batu beko ku mulango, papa. Nibaambie nini?"

"Barudi kisha juma mbili. Tukaulize kwanza kazi gani inalisha mutu, njo tushauri. Haraka haraka haina baraka."

"Na ngoja ngoja inaumizaka tumbo!"

Lakini mkubwa ni mkubwa. Wa mwisho kurudishwa siku ile alikuwa Priscille, mjane mwenye watoto wanne. Marehemu alimwachia wavu mmoja mzuri, ambao aliukodisha kwa wavuvi wa kisiwa cha Chisenga, nao walimpunja. Alitaka kujua: aendelee nao hivyohivyo, au autoe apate cherehani? Clotilde akamwambia arudi. Kisha akabandika mlangoni karatasi ya kusema wamefunga majuma mawili, akaingia sokoni na daftari, amenuna.

Alinuna siku mbili. Siku ya tatu, tuseme ukweli, kazi ilimnogea. Maswali yalikuwa sita, na hakuna aliyemlilia, hakuna aliyemng'ang'ania mkono. Waunda mitumbwi walikuwa na kazi hadi mwezi wa sita. Wachoma mikate walikosa unga. Looo, kumbe kuuliza ni kutamu hivi!

Jumatano ya juma la pili alimfikia Eneless, mshonaji wa palepale Kashikishi. Mezani hakukuwa na kitambaa hata kimoja.

"Kushona kumekufa, mama," Eneless akasema. "Salaula zinashuka hapa marobota kwa marobota, gauni la mitumba zima kwa bei ya uzi wangu. Nani atanipa kazi? Mashini hii naiondoa. Ijumaa kuna mjane analeta wavu, tunabadilishana. Ziwa likifunguliwa, kaka zangu watavua."

Clotilde aliandika mpaka kalamu ikatoboa karatasi. Aliposikia habari ya mjane na wavu akamkumbuka Priscille. Lakini wajane wenye nyavu ni wengi pwani ile, jina la mjane halikuwa kati ya maswali sita, na washonaji wanne walikuwa wamebaki. Akashukuru, akasogea meza ya pili. Jioni Evariste alimsifu, naye akafurahi mno. Alhamisi akashinda ndani ya biro, mlango umefungwa, akinakili majibu kwa mwandiko safi.

Jumatatu mlango ukafunguliwa. Priscille aliingia na cherehani kichwani, akaitua juu ya benchi.

"Nilikuya mara tatu, mama, munafunga. Basi nikajiamulia. Unifundishe sasa nitafute wapi bakiriya, batu ba kushonesha nguo."

Clotilde alifungua daftari, akalifunga. Akamweleza yote, polepole, marobota, bei ya uzi, washonaji watano waliosema neno lilelile. Aliona aibu, na hakuificha.

Priscille hakulia. Aliweka mkono juu ya gurudumu la mashini.

"Ulijua siku gani?"

"Jumatano."

"Mimi nilitoa wavu Ijumaa." Akahesabu siku kwa vidole. "Alhamisi nilikuya hapa. Nilipiga hodi mpaka mukono ukaniuma. Mulikuwa kwa soko?"

Ilikuwa rahisi kusema ndiyo.

"Nilikuwa humu ndani," Clotilde akasema. "Nilikusikia."