Pistoni ya Nne

Mashamba ya mkonge yalipotaifishwa, meneja mmoja alirudi kwao akamwachia fundi wake Semboja gari dogo jekundu la viti viwili, lililoundwa kwa ajili ya mashindano ya mbio. Mbio zenyewe zilikuwa zimekwisha. Korogwe nzima ilikwishachoka kulisukuma. Mwishowe Semboja akaining'iniza injini kwenye boriti kwa kamba ya katani, akaishusha chini na kuifungua yote.

Kila kipande alikiosha kwa mafuta ya taa, akakipanga juu ya turubai. Ndipo akapita Kibwana, Mzigua, mtani wake, akaokota pistoni moja kati ya nne.

"Kikombe hiki nachukua mie. Ninyi Wasambaa si mnanywea viganjani huko milimani?"

Semboja akacheka. Mtani akichukua kitu chako, huna pa kushtaki. Ukimfuata kwake kumdai, umeshindwa, na mji mzima utakucheka. Akangoja airudishe mwenyewe.

Kabla hajairudisha, ikaja Operesheni Vijiji, Kibwana akahamishiwa kijiji cha Mazingara. Semboja akaendelea kuijenga injini: akasaga valvu, akabadili ringi, akakata gasketi kwa mkono wake. Tundu moja likabaki tupu. Pistoni ya aina ile haikupatikana Tanga wala Moshi.

"Si uende tu Mazingara?" mkewe Paulina alimwuliza.

"Nimfuate mimi?"

Ulikuwa ukaidi wa kijinga, nao ulidumu miaka.

Alikwenda siku aliyosikia Kibwana amefariki. Maiti ilipofikishwa makaburini, Semboja akarukia ndani ya kaburi, akalala chali.

"Hazikwi mtu hapa! Mwizi huyu ana pistoni yangu!"

Watu wakaangua kicheko. Hiyo ndiyo kazi ya mtani msibani. Mhina, mdogo wa marehemu, akakimbia kwa mjane, akarudi nayo imefungwa kitambaa, imepakwa grisi vizuri, haina hata mkwaruzo.

"Shemeji anasema kaka hakuacha kuuliza wageni wa Korogwe," Mhina alisema. "Kila mmoja: mtani wangu anakuja lini kunidai?"

Semboja akaipokea, akaikumbatia kifuani. Angeirudisha papo hapo, kama kungekuwa na wa kumrudishia.

"Haya mtani, chako umepata," Mhina alimwambia. "Toka tumzike."

Juu walikuwa bado wanacheka, wakingoja tusi lake la mwisho. Alilitafuta, hakulipata.

"Bado," alisema, na kicheko kikakatika. "Jamani, bado kidogo."