Hema la Mashuka

Darasa zima la Jumapili lilimwita mwalimu wao Shangazi, kwa sababu Kasuku alimwita hivyo, na Kasuku ndiye aliyekuwa na sauti kuliko wote. Kasuku alikuwa binti wa kaka yake mwalimu, mtoto wa miaka minane ambaye mdomo wake haukujua kupumzika. Moyo wake ndio uliokuwa mgonjwa tangu kuzaliwa. Akipanda ngazi midomo ilibadilika rangi, lakini maneno hayakukatika.

Mwaka ule Shangazi aliamua kuwafundisha watoto habari za hema la kukutania la Waisraeli jangwani kwa kulijenga. Alikusanya mashuka yaliyochakaa akayaunga kwa cherehani yake. Kaka yake, fundi wa kuchomelea ambaye kanisani hakanyagi, alimkatia mabomba membamba ya kuunga na kuachanisha.

"Namtengenezea mwanangu, siyo Mungu wako," alisema huku akivua miwani ya kazi.

"Sawa, kaka. Yeye hana kinyongo."

Madawati yalisukumwa ukutani, hema likasimama katikati ya chumba. Mbele ya hema, mahali pa ua wake, kulikuwa na beseni la kunawia. Ndani kabisa, nyuma ya pazia jekundu, boksi la viatu lililopakwa rangi ya dhahabu lilikuwa sanduku la agano.

"Kwa nini Mungu hakutaka nyumba ya mawe?" Shangazi aliwauliza.

Kisha akajibu mwenyewe.

"Watu wake walikuwa safarini. Wakihama, hema linakunjwa, linabebwa. Hakutaka wamwache nyuma."

"Na mtu akihamia hospitali?" Kasuku akauliza.

Wenzake wakaangua kicheko. Shangazi hakucheka. "Huko pia," alisema.

Mvua zilipoanza, Kasuku akalazwa. Daktari aliwaita wazazi wake ofisini, akafunga mlango, akawaambia taratibu kwamba upasuaji hauwezekani tena, mwili hautauhimili. Wamrudishe nyumbani, akae na watu wake.

Walipofika nyumbani, mama yake ndiye aliyempigia Shangazi simu. "Wifi, anataka hema. Tangu asubuhi ni hema, hema, hema."

Watoto walilibeba wenyewe, mabomba begani, mashuka na beseni kichwani, boksi la dhahabu likiwa limetangulia. Muuza duka mmoja akawauliza kama wanahama nyumba.

"Tunamhamisha Mungu," mmoja akamjibu, na yule bwana akacheka mpaka akakohoa.

Walilisimamisha sebuleni kwa kina Kasuku, likikizunguka kitanda cha mgonjwa. Kwa udogo wa chumba, kitanda kikaangukia nyuma ya pazia jekundu. Msichana mmoja aliyependa mambo yafuate taratibu akasita.

"Shangazi, ulisema huko anaingia kuhani mkuu peke yake."

"Nilisema. Lakini siku Yesu alipokufa, pazia la hekalu lilipasuka toka juu mpaka chini."

"Basi pasueni na hili," Kasuku akasema toka kitandani, pumzi zikimpiga chenga. "Nataka kuwaona."

Shangazi akachukua mkasi. Alilikata katikati toka juu mpaka chini, kisha akaenda jikoni, akaufunga mlango.

Baba mtu aliporudi toka kazini jioni, alisimama nje ya mashuka, kofia mkononi.

"Baba, vua viatu uingie," Kasuku akamwita.

"Nina vumbi la chuma, mama."

"Nawa kwenye beseni. Ndiyo kazi yake."

Akanawa. Akaingia, akakaa sakafuni pembeni ya kitanda, na tangu hapo kazini hakurudi. Kasuku alifariki asubuhi moja, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa baba, mama yake akimchemshia maziwa jikoni.

Baada ya mazishi Shangazi alirudi darasani. Yule msichana wa taratibu ndiye aliyeuliza.

"Mungu alikuwepo mle hemani?"

"Alikuwepo."

"Mbona hakumponya?"

Shangazi akafungua kinywa. Majibu alikuwa nayo, aliyasikia yote msibani, lakini hakuyarudia. "Sijui, mwanangu. Namuuliza kila siku." Machozi yakamtoka mbele yao. Watoto hawakujua waangalie wapi. Mmoja alikuja akamwegemea tu.

Lile hema lilibaki sebuleni. Kaka yake hakutaka liguswe. Shangazi alipokwenda kuwatazama, alimkuta amekaa mle ndani, ndevu zimemjaa. Akaketi naye.

"Dada, nilikuwa nasubiri kusikia kitu humu."

"Kitu gani?"

"Chochote. Huo uwepo mnaousema. Nilisikia pumzi za mwanangu tu, mpaka zikakatika."

Shangazi hakumhubiria. "Na mimi sikusikia zaidi ya hapo," alisema.

"Na bado unaamini?"

"Bado. Ila siku hizi naamini huku nalia."

Kaka akashika bomba la hema. "Usiliondoe wiki hii."

"Siliondoi."

Wifi yake akaingia na chai, akawakuta wamekaa chini, naye akakaa. Chai ikapoa bila mtu kuigusa. Kaka yake, ambaye makaburini alisimama mkavu kama ukuta, akaanza kulia, kwanza kwa mabega, kisha kwa sauti. Wanawake wale wawili wakamshika, kila mmoja upande wake, na hakuna aliyemwambia anyamaze.